Uliza Ndege Kwanza, Daraja Baadaye

Tiketi ilifika Myamba, milimani Upare, usiku, kwa WhatsApp, shangazi akiwa anachambua maharage ya makande. Binamu yangu anayefanya kazi Marekani alikuwa amemkatia mama yake daraja la biashara, kwenda na kurudi. Magoti ya shangazi hayakunjiki tena vizuri, na safari nzima, ukijumlisha kungoja ndege ya kuunganisha, inapita saa ishirini. Bei ilikuwa zaidi ya mara tatu ya daraja la kawaida. Nilimsomea kila kitu kwenye ile tiketi, naye akauliza swali moja tu: "Humo nitalala?" Nikamwambia, "Utalala, shangazi."

Hakulala. Tulishuka mlima alfajiri hadi Same, tukapita Mwanga, Moshi na Boma Ng'ombe mpaka uwanja wa ndege wa KIA. Ndege ya kwanza ilikwenda salama. Kwenye kuunganisha ndiko mambo yalikoharibika: ndege yenye siti zinazogeuka kitanda ilikuwa imepata hitilafu siku hiyo, ikaletwa ya zamani yenye siti za kuegemea. Kwenye tiketi haikubadilika hata herufi moja. Chakula kilikuja kwenye sahani za kauri na kitambaa cheupe, kama ilivyoahidiwa. Shangazi alikaa wima usiku kucha, akashuka na viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba haiviingii. Binamu yangu alipolalamika, alijibiwa kwamba abiria alisafiri katika daraja alilolipia.

Kwa maandishi jibu hilo ni sahihi, na hapo ndipo penye tatizo. Daraja ni jina la kibiashara. Anachokikalia abiria ni siti, na siti hutegemea aina ya ndege, mwaka ilipofungwa, na hesabu za kampuni inayoirusha. Anayekata tiketi bila kuuliza ndege amenunua jina.

Wasafiri wa mabasi yetu walilielewa hili zamani. Mtu anayetoka Same kwenda Dar es Salaam hakubali kuambiwa tu kwamba basi ni zuri. Anauliza kama siti ni mbili kwa mbili au tatu kwa mbili, na LATRA yenyewe, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inapanga nauli za mabasi kwa madaraja. Kwenye ndege za masafa marefu maswali ni yaleyale, ila pesa ni nyingi zaidi. Mpangilio wa mbili-mbili-mbili maana yake ni siti sita kwa mstari, na aliye dirishani lazima amruke jirani yake aliyelala akitaka kwenda msalani. Moja-mbili-moja ni siti nne kwa mstari, kila abiria ana njia yake. Halafu kuna namna siti yenyewe inavyolala. Ipo inayolala bapa kabisa. Ipo inayolala kwa mteremko, na mtu wa Upare hahitaji kufafanuliwa mteremko: unajilaza vizuri, baada ya saa moja mwili wote umeserereka miguuni. Ipo pia inayoegemea tu, kama iliyompata shangazi. Zote tatu zinauzwa kwa jina moja.

Jina lenyewe halina umri mkubwa. Super VC10 za East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, ndege za Kiingereza zenye injini nne mkiani zilizobuniwa kwa ajili ya viwanja vya joto na vya miinuko kama Nairobi, zilikuwa na daraja la kwanza na la kawaida, basi. Daraja la biashara lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati mashirika makubwa ya dunia yalipotaka kumtenga mfanyakazi aliyelipiwa nauli kamili na mtalii mwenye tiketi ya bei ya chini. Kwetu hicho ndicho kipindi East African Airways ilipokufa, 1977, na shirika la Tanzania likaanzishwa mwaka huohuo. Siti za kwanza za daraja hilo zilikuwa pana kidogo kuliko za nyuma, na zaidi ya hapo hazikuwa na jipya. Kitanda bapa kililetwa na British Airways mwaka 2000. Mwaka 2017 Qatar Airways ikaleta Qsuite, kijumba kidogo chenye mlango wa kufunga. Ndege hukaa kazini miaka ishirini na zaidi, kwa hiyo vizazi vyote hivyo vya siti vinaruka angani kwa wakati mmoja, na mteja hawezi kuvitofautisha kwa kusoma tiketi.

Tuje nyumbani. Ndege moja, Boeing 787-8 iitwayo Dreamliner, imenunuliwa na mashirika matatu ya ukanda wetu, na kila moja limeigawa kivyake. Kenya Airways iliweka siti 234: 30 za biashara na 204 za kawaida. Air Tanzania iliweka 262: 22 na 240. Ethiopian iliweka 270: 24 na 246. Urefu wa ndege ni uleule, upana uleule, lakini kati ya Nairobi na Addis Ababa kuna tofauti ya watu 36.

Kila mgawanyo ni dau. Kenya Airways iliamini kwamba Nairobi, yenye ofisi za Umoja wa Mataifa na makao ya makampuni mengi, ina watu wa kutosha wa kujaza siti 30 za mbele, na Oktoba 2018 ikafungua safari ya moja kwa moja hadi New York, takriban saa kumi na tano angani. Kwa safari kama hiyo kitanda ni hitaji. Ethiopian iliamini wingi: wasafiri wa Afrika nzima wanapita Addis, wengi wao wanatazama bei, basi weka siti nyingi. Air Tanzania, iliyopokea Dreamliner yake ya kwanza Julai 2018, ilikwenda karibu na njia ya Ethiopian, na naona ilipima vizuri. Chukua safari ya Guangzhou. Abiria wake mkubwa ni mfanyabiashara wa Kariakoo, na katika hao Wapare hawakosekani. Huyo anahesabu kilo kwanza. Ukimwambia daraja la biashara, atauliza linampa mabegi mangapi kabla hajauliza kama siti inalala.

Siti ya kitanda inakula nafasi ambayo wangekaa watu watatu au wanne wa daraja la kawaida, na yenyewe ni nzito mara kadhaa kuliko siti ya kawaida, kwa hiyo inakula mafuta pia. Ikijaa, watu wachache wa mbele wanabeba sehemu kubwa ya mapato ya safari. Isipojaa, kampuni inasafirisha vitanda vitupu kuvuka bahari. Ndiyo maana ukubwa wa ndege ni suala la kufa na kupona. Kenya Airways ilikuwa na Boeing 777-300ER, ndege kubwa na nzuri kwa abiria, ikashindwa kuzijaza, ikazikodisha kwa Turkish Airlines.

Kwa abiria, Dreamliner ina faida ambayo haionekani kwenye picha za matangazo. Ndani ya ndege hewa haiwi ya usawa wa bahari. Katika ndege nyingi za zamani inaweza kuwa nyepesi kama ya mtu aliyesimama mita 2,400 hivi juu ya bahari. Kilele cha Shengena, paa la milima ya Upare, kina mita 2,460 na ushee. Maana yake mzee aliyeketi kwenye ndege hizo usiku mzima ni kama amewekwa kileleni Shengena, akae huko mpaka asubuhi. Kwenye 787 na Airbus A350 hewa inashikiliwa kwenye mita 1,800 hivi, zaidi ya mita mia sita chini ya kilele. Mwili wa 787 umefumwa kwa nyuzi za kaboni badala ya bati la aluminiamu. Unahimili mgandamizo zaidi na haushiki kutu, hivyo hata unyevu wa hewa huachwa uwe mwingi kidogo, na koo halikauki kama zamani. Kwa mtu mwenye presha au mapafu dhaifu, mimi ningechagua siti ya kawaida kwenye ndege ya aina hiyo kabla ya siti pana kwenye ndege kuukuu.

Anayesafiri na mwenzake daraja la kawaida aitazame pia Airbus A330. Kwa kawaida ina mpangilio wa mbili-nne-mbili, kwa hiyo wawili wanakaa dirishani bila mtu wa tatu. Kwenye 787 mashirika mengi yameweka tatu-tatu-tatu. Mbele mambo yanaweza kugeuka: KLM, ambayo KIA inaijua kwa miaka mingi, A330 zake zimekuwa na mbili-mbili-mbili katika daraja la biashara, na 787-9 zake moja-mbili-moja. Kampuni moja, rangi moja ya buluu, usingizi tofauti kabisa.

Jambo linaloniuma zaidi ni uchache wa ndege. Siti nzuri ina thamani pale tu ndege yenyewe inapofika. Air Tanzania ilipokea Dreamliner ya tatu Agosti 2024, lakini ile ya kwanza ilikaa muda mrefu Malaysia ikisubiri matengenezo, katika kipindi ambacho injini za Rolls-Royce Trent 1000 zilikuwa zinayasumbua mashirika ya dunia nzima. Kenya Airways inatumia injini za kampuni nyingine na haikusalimika: katika nusu ya kwanza ya 2025 ndege tatu kati ya 787 zake tisa zilikuwa chini, na kampuni iliyotangaza faida mwaka 2024 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 12 za Kenya. Shirika lenye ndege mia moja likikosa moja, linachota nyingine ya aina ileile. Lenye tatu likikosa moja, limepoteza theluthi ya safari zake ndefu, na abiria wa kitanda anajikuta kwenye siti ya kuegemea. Boeing 737 MAX 9 ya Air Tanzania haizibi pengo hilo: ina siti 16 za daraja la biashara na 165 za kawaida. Ni ndege nzuri kwa masafa ya kati, lakini ina njia moja tu katikati, na siti zake za mbele si vitanda.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ilionyesha hasara ya Air Tanzania ilipanda hadi shilingi bilioni 91.8 mwaka wa fedha 2023/24, na ndege kukaa chini kwa kukosa injini ni moja ya sababu. Ongeza hapo uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa Juni 2025 wa kuzuia mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania kuingia anga yake. Mtu wa Same anayekwenda Ulaya leo hana namna ya kulinganisha siti za shirika lake na za wengine. Atachagua miongoni mwa wageni. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliofurahi ndege ile ilipotua 2018, na bado natamani ifanikiwe.

Mkulima wa tangawizi wa Myamba ambaye hajawahi kupanda ndege naye yumo katika hesabu hizi. Ndege pana ya abiria hubeba mizigo tumboni, chini ya miguu ya watu, na nauli za waliolala juu husaidia safari hiyo iwepo. Kwa miaka mingi maua na mboga za kaskazini mwa Tanzania zimepelekwa kwa barabara hadi Nairobi ili zipande ndege huko, kwa kuwa ndege pana zilikuwa huko. Air Tanzania ilipata ndege maalumu ya mizigo, Boeing 767-300F yenye uwezo wa tani 54, Juni 2023. Ni hatua njema, ila ndege moja haiwezi kuhudumia kila uwanja kila siku kama yanavyoweza matumbo ya ndege za abiria.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ingeweza kufanya kitu ambacho hakihitaji bilioni hata moja. Tiketi inayouzwa Tanzania iandike aina ya ndege, na kama siti inalala bapa, inalala kwa mteremko au inaegemea. Ndege ikibadilishwa na siti ikawa duni, abiria arudishiwe tofauti bila kuzungushwa. Mpaka hilo litakapofanyika, kazi ni ya mnunuzi: uliza aina ya ndege kwa kila kipande cha safari, tazama ramani ya siti kabla ya kulipa, itazame tena siku mbili kabla ya kuondoka. Namba ya siti ikibadilika yenyewe, mara nyingi ni ndege iliyobadilika.

Shangazi alirudi baada ya miezi minne. Safari hii tuliikagua hivyo, na ndege ikaja ileile iliyoandikwa. Nilikuwa nimempangia alale Moshi siku mbili, apumzike kabla ya kupanda mlima. Alitoka KIA amevaa viatu vyake, akaniambia alilala kuanzia walipozima taa mpaka harufu ya chai ilipomwamsha, na akakataa habari ya Moshi. Magari ya kwenda Myamba yalikuwa bado yapo Same. Kesho yake asubuhi alikuwa shambani, amesimama na fimbo yake kwenye tuta, akiwaonyesha vijana tangawizi ya kung'oa.