Kumbukumbu Tuli za Biashara: Kazi Ipo Siku ya Kuzifungua

Duka la jumla lililodumu Kariakoo miaka kumi huwa na data za aina mbili. Zipo zinazotumika kila siku: bei, madeni ya wateja, hesabu za stoo. Zipo pia zilizomaliza kazi: ankara za 2016, mikataba na wasambazaji walioachana nao, mishahara ya watu waliokwishaondoka. Hizi za pili ndizo kumbukumbu tuli. Zinaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa, ila siku zikitakiwa, hutakiwa upesi, na anayezitaka ni mkaguzi wa kodi au wakili.

Wengi huziacha palepale zilipo hadi mfumo unakuwa mzito, kisha wananunua diski kubwa na kunakili kila kitu. Hapo mambo mawili huchanganywa. Nakala rudufu ni ya kuokoa kazi ya jana: seva ikiharibika leo, unarudisha hali ilivyokuwa usiku uliopita, na nakala za zamani hufutwa kupisha mpya. Ankara iliyofutwa kimakosa bila mtu kugundua hupotea pia kwenye nakala hizo mzunguko wake ukikamilika. Kumbukumbu tuli huenda njia nyingine. Huondolewa kwenye mfumo wa kila siku, huwekwa mahali ambapo hakuna anayeweza kuzibadilisha, na kila fungu hupewa tarehe ya kuteketezwa.

Tarehe hiyo haipangwi kwa kukisia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 5, na Kenya nayo ina kipimo hicho hicho. Lakini kodi si sababu pekee. Madai ya mkataba Tanzania yanaweza kufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6, na ya ardhi ndani ya 12. Kwa hiyo mwenye ghala aliyetupa karatasi za kiwanja kwa kuwa miaka mitano ya kodi imepita amejivua silaha mapema. Upande wa pili, sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakataza kukaa na taarifa za watu baada ya haja yake kwisha. Nakala za vitambulisho vya vibarua wa zamani si mali ya kurundika. Zikivuja, anayebeba lawama ni aliyezitunza bila sababu.

Baada ya muda huja swali la kusomeka. Chukua risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, iliyoanza kutolewa na wafanyabiashara wa Tanzania mwaka 2010. Haina wino. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Ukiisahau juani kwenye dashibodi ya gari, yote huwa nyeusi. Ikikaa kwenye mwanga au ndani ya mfuko wa plastiki laini, maandishi hupauka. Boksi lililofungwa kwa uaminifu miaka minne iliyopita linaweza kufunguliwa likakutwa na vipande vyeupe vitupu. Risiti hizo zipigwe skani zikiwa bado mbichi, na jina la faili libebe tarehe, jina la muuzaji na namba ya risiti. Faili linaloitwa "scan0047" lipo, lakini hakuna atakayelipata.

Data zilizozaliwa ndani ya kompyuta nazo huchakaa kwa namna yake. Leja iliyofungwa kwenye programu ya uhasibu huhitaji programu hiyo ili isomeke, na leseni huisha, kampuni iliyoitengeneza hufungwa, toleo jipya hukataa mafaili ya zamani. Kwa hiyo kabla ya kuhama mfumo, toa leja zote kwa CSV, ambayo ni maandishi matupu yanayofunguliwa na karibu programu yoyote, na toa ripoti na mikataba kwa PDF/A, aina ya PDF iliyowekewa viwango vya kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya utunzaji wa muda mrefu. Ndani yake hubeba hata fonti zake, isitegemee kompyuta ya atakayeisoma.

Pa kuziweka? Flash si mahali pa kuacha kitu miaka saba. Chaji inayoshikilia data hufifia pole pole. Kampuni kubwa bado hutumia tepu za sumaku za aina ya LTO: moja ya kizazi cha LTO-9 hubeba terabaiti 18, ila mashine ya kizazi hicho haisomi tepu za nyuma zaidi ya LTO-8, hivyo kila baada ya miaka data huhamishwa. Hifadhi za wingu za bei ya chini kabisa hugharimu takriban dola 1 kwa terabaiti kwa mwezi, lakini kurudisha faili kunaweza kuchukua saa 12 na hulipiwa. Popote utakapochagua, nakala zisikae jengo moja. Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliopoteza data pamoja na nakala zake, kwa kuwa vyote vilikuwa palepale.

Faili likishawekwa, lipigiwe SHA-256, hesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu. Ndani ya faili ikibadilika hata herufi moja, mfuatano hautafanana na ule wa awali. Mfuatano huo uandikwe kwenye orodha kuu, pamoja na maelezo ya kilichomo, mwenye ruhusa ya kukifungua, na tarehe ya kukiteketeza.

Mwisho, kila mwaka mpe mfanyakazi asiyehusika na hifadhi kazi moja: alete ankara ya mteja fulani ya miaka minne iliyopita, bila kumpigia simu fundi. Akikwama, kasoro ipo kwenye orodha, aina ya faili au nywila, na zote zinarekebishika kwa siku chache. Barua ya mkaguzi ikishafika, siku hizo hazipo tena.