Fyuzi ya pikipiki ikikatika, usiweke kubwa zaidi

Mwezi Juni mjini Johannesburg jua huzama kabla ya saa 12 jioni, na anayerudi Soweto kwa pikipiki baada ya kazi hukuta giza limeshaingia. Katika barabara ya Chris Hani, karibu na hospitali ya Baragwanath, magari ya abiria yanayofanana na matatu za kwetu husimama na kuondoka ghafla. Pikipiki isiyo na taa ya nyuma ni hatari kubwa hapo.

Ndiyo maana tulivutiwa na kazi tuliyoishuhudia uani mwa nyumba moja ya Orlando East, ambako kijana wa Kitanzania anayesambaza vyakula amepanga chumba. Pikipiki yake kuukuu ilikuwa ikikata fyuzi ya ampea 10 kila alipokanyaga breki. Alikwishamaliza fyuzi tatu, akawa tayari kuweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pake.

Jirani yake, mzee wa Mombasa aliyewahi kuwa fundi umeme, alimkataza. Alimweleza kuwa fyuzi imewekwa ikatike mapema ili nyaya zisiungue. Ukiizuia isikatike, zitaungua nyaya zenyewe, na baadhi yake zinapita chini ya tangi la petroli.

Kisha akampigia hesabu. Balbu ya breki ni ya wati 21 na betri ni ya volti 12. Ukigawanya, unapata chini ya ampea 2. Balbu hiyo peke yake haiwezi kukata fyuzi ya ampea 10. Basi lazima kuna shoti mahali fulani.

Kuitafuta hakukuhitaji mashine. Walichukua balbu ya akiba ya wati 21, wakaiunganisha kwa nyaya mbili mahali pa fyuzi. Breki ilipokanyagwa, balbu iliwaka kwa nguvu zote, dalili kwamba umeme unaingia moja kwa moja kwenye fremu. Wakaanza kutikisa nyaya moja baada ya nyingine kuelekea nyuma. Walipoinua waya uliopita chini ya kiti, balbu ikafifia. Ganda la waya huo lilikuwa limelika kwa kusuguana na chuma.

Walifungua kwanza waya wa hasi wa betri, wakakata kipande kibovu, wakaunga, wakazungushia tepu na kuufunga waya mbali na chuma. Fyuzi iliyorudishwa ilikuwa ya ampea 10 ile ile. Taa ikawaka, na fyuzi haikukatika tena.

Kwa wasomaji wetu wanaoendesha bodaboda Dar es Salaam, Kisumu au Kampala, njia ni hiyo hiyo. Chini ya kiti weka fyuzi mbili za akiba za kiwango kilichoandikwa kwenye pikipiki yako, na balbu moja. Fyuzi ya pili ikikatika, usiweke ya tatu kabla hujaupata waya wenye shoti.