Kinyongo cha Udongo

Mwalimu mmoja wa darasa la awali huko Morogoro ameleta swali pamoja na picha ya simu. Watoto wake walifinyanga alfabeti nzima kwa udongo wa kichuguu, kila herufi urefu wa kiganja, wakazianika juani juu ya ubao. Jioni ya siku ya pili A zote zilikuwa zimepasuka pale ufito wa katikati unapokutana na mguu. O zilifunguka mahali zilipoungwa. I, iliyolazwa ikiwa imenyooka, ilikuwa imeinua ncha zote mbili, na S zilianza kujinyoosha kama nyoka anayetaka kuondoka. Mwalimu anauliza walikosea wapi.

Hawakukosea sana. Walichagua umbo gumu kuliko chungu.

Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa gulioni Matema, hufinyanga kitu cha mviringo. Chungu kikikauka husinyaa kuelekea katikati yake, kila upande ukivuta sawa na mwenzake, na mvutano huo unazunguka bila kukuta kona. Herufi haina katikati ya namna hiyo. Ina miguu, mikono na kona, mahali pengine nene, pengine nyembamba, na kila kiungo kinakauka kwa saa yake.

Habari ya jinsi miamba inavyooza hadi ikawa udongo na isubiri siku nyingine. Utamu uko ndani ya donge lenyewe. Udongo wa kufinyangia umejaa visahani vya madini, vyembamba mno, vingi vikiwa na upana usiozidi sehemu moja ya elfu ya milimita. Madini yanayojulikana zaidi kati ya hayo ni kaolini, ile nyeupe inayopatikana kwa wingi Pugu, karibu na Dar es Salaam. Kati ya kisahani na kisahani kuna utando wa maji, na utando huo ndio unaoendesha kila kitu.

Aliyewahi kuosha vyombo vya harusi ataelewa upesi. Masinia hamsini yameoshwa na kupangwa moja juu ya jingine, bado yanachuruzika. Ukijaribu kuinua la juu kabisa, linakataa. Limelishika lililo chini yake. Ukilisukuma kwa pembeni, linateleza bila ubishi. Maji yaleyale yanayoyashikamanisha ndiyo yanayoyatelezesha. Ndiyo maana donge la udongo hukubali kusukumwa na kidole, kisha likabaki pale lilipoachwa, wakati mpira hurudi na mchanga mkavu humwagika.

Sasa rundo hilo liachwe likauke. Kila utando unapokonda, masinia mawili yanasogeleana, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye kingo huyavuta yakutane. Rundo linapungua kimo. Upana wake haubadiliki sana, maana masinia yenyewe hayapungui. Kinachopungua ni maji yaliyo kati yake. Upande unaotazama jua ukikauka kabla ya upande wa kivulini, rundo linainama. Na kama mwoshaji ametia vibakuli viwili vitatu katikati ya masinia, rundo halitashuka sana, na hewa itapata njia ya kupita. Vibakuli hivyo ndivyo mchanga, au unga wa vigae vya chungu kilichovunjika, ambao wafinyanzi huuchanganya na udongo wao.

Masinia ya harusi yana jambo jingine: hufuata mkono ulioyapanga. Udongo uliochimbwa sasa hivi una visahani vilivyotupwa ovyo, vikielekea kila upande. Mtoto anapouviringisha kwenye meza kuwa ufito, visahani hujilaza kufuata mviringisho wa kiganja chake. Kisha anaukunja ufito huo uwe S. Macho yanaona S. Ndani, visahani vingi bado vimejipanga kama vilivyokuwa ufito uliponyooka. Upande wa nje wa kila mkunjo umevutwa, wa ndani umebanwa. Maji yanapotoka, kila upande unasinyaa kwa kiasi chake, na S inaanza kurudi kule ilikotoka.

Waandishi wa Kiingereza wanaohusika na ufinyanzi huiita tabia hii kumbukumbu ya udongo, na tafsiri hiyo ndiyo inayokuja haraka mdomoni. Haitoshi. Kumbukumbu ni kitu ambacho mtu hukiita kikaja, na akitaka humsimulia mwenzake. Udongo hausimulii kitu. Umekunjwa, umenyamaza, umekaa vizuri mbele ya mkunjaji, na siku ya tatu, wakati yeye ameshasahau, unalipiza. Kwa tabia hiyo Kiswahili kina neno lake, nalo ni kinyongo. Kinyongo cha udongo: mpangilio wa visahani uliobaki kutoka kwa mkono wa kwanza, unaojitokeza maji yanapokwisha. Neno hili lina faida ya pili, kwamba linamwambia mfinyanzi la kufanya. Mwenye kinyongo huzungumzwa naye mapema, mambo yakiwa bado mabichi. Udongo nao, ukishakunjwa kuwa S, upapaswe pande zote mbili kwa kidole chenye maji na kubanwa taratibu, visahani vipangike upya kabla havijakwama.

Kwa A kisa ni kingine. Udongo wa kawaida hupungua urefu kwa asilimia 5 hadi 8 unapokauka. Herufi ya sentimita 20 inapoteza sentimita moja au zaidi, na urefu huo lazima utoke mahali fulani. Ufito wa katikati ni mwembamba, unakauka kwanza, unataka kufupika. Miguu miwili minene bado ina maji na haisogei. Ufito unavuta huku na huku, na kwa kuwa kona kali hukusanya mvutano mahali pamoja, jambo ambalo mhandisi Mwingereza C. E. Inglis alilionyesha kwa hesabu mwaka 1913, ufa unaanzia konani. I iliyoinua ncha ni rahisi zaidi: uso uliotazama jua ulisinyaa wakati tumbo lililolala ubaoni bado limelowa.

Mafundi walioacha maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, hawakuwa na shida hii. Walichonga tumbawe, ambalo ni laini likitoka baharini, na likikauka huwa gumu bila kupungua.

Aliyekubali udongo na tabia zake ni Bi Sheng, fundi wa China wa miaka ya 1040 aliyechapa kwa herufi za udongo. Mwanazuoni Shen Kuo, aliyeandika mnamo mwaka 1088, anaeleza kwamba Bi Sheng alichonga kila herufi peke yake kwenye kipande cha udongo unaonata, herufi ikiwa na unene kama ukingo wa sarafu, kisha akaichoma motoni iwe ngumu. Vipande vidogo namna hiyo hukauka kwa pamoja, ndani na nje. Lakini vipande mamia havisinyai sawasawa hata vikifanyiwa nini, na ukurasa wa kuchapia unataka uso bapa. Bi Sheng alivipanga kwenye bamba la chuma lililotandazwa utomvu wa msonobari, nta na majivu ya karatasi, akalipasha moto hadi tandiko likalainika, akavikandamiza vyote kwa ubao mnyoofu. Kirefu kilizama zaidi, kifupi kilizama kidogo, na uso ukawa sawa. Huo ni uhandisi wa hali ya juu: tofauti zote aliziacha zimezwe na tandiko. Miaka 800 baadaye, mwaka 1844, Zhai Jinsheng wa Anhui alichapa kitabu kwa herufi zake za udongo baada ya kuzitengeneza kwa miaka 30. Zilikuwa zaidi ya 100,000.

Kuchoma kuna sheria zake, na muhimu kuliko zote ni kwamba herufi iwe kavu kabisa na moto upande polepole.

Kwa hiyo, mwalimu, A isiungwe kwa fito tatu. Litandazwe bamba moja la udongo lenye unene wa kidole kidogo, likandamizwe pande zote mbili, na herufi ikatwe humo kwa kisu, kona za ndani zikilainishwa kwa kidole ziwe mviringo. O ikikunjwa kwa ufito, ncha zake zichanjwe chale na kupakwa uji wa udongo kabla hazijaunganishwa. Herufi zikae juu ya gazeti, kivulini, chini ya kipande cha plastiki, zigeuzwe kila siku. Zile zilizopasuka hazijachomwa, basi hazijapotea: zilowekwe kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi zitakuwa udongo tena.