Picha Zilizosaidia Kutambua Dawa

Majani mawili yaweza kufanana, moja likaponya na jingine likaua. Kwa sababu hiyo kitabu cha Elizabeth Blackwell kilipokelewa vizuri na waganga wa London. Mumewe alikuwa amefungwa kwa madeni. Mama huyu akaenda kwenye bustani ya dawa ya Chelsea, akachora mimea 500, akachonga mwenyewe mabamba ya shaba ya kuchapia, na picha akazipaka rangi kwa mkono. Kuanzia mwaka 1737 hadi 1739 alitoa picha nne kila juma. Mapato yakamtoa mumewe gerezani.

Nasi tujihadhari: unga wa mzizi hauna jani wala ua la kuutambulisha. Ukiwa na shaka, usinywe, nenda zahanati.