Trekta la Nyasi Haliwaki: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Trekta dogo la kukatia nyasi likishazeeka, injini yake mara nyingi bado ina nguvu. Kinachochoka mapema ni nyaya, swichi na vifungio vyake. Ndiyo maana huwa nashangaa kuona mwenye trekta akizungusha ufunguo, akisikia “tik” moja na kimya, kisha akakimbilia dukani kununua betri. Betri isiposaidia, ananunua solenoidi. Solenoidi ikigoma, stata. Huku kilichokuwa kikitafutwa ni boliti moja yenye kutu kwenye fremu.

Tuanze na betri, maana hatuwezi kuiruka. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa ikasoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 iko nusu. Ikishuka chini ya 12, ichaji kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Lakini usomaji huo wa betri iliyotulia unadanganya sana. Betri mbovu yaweza kuonyesha 12.5 ikiwa haina mzigo, halafu ikaanguka papo hapo stata inapoomba umeme. Kwa hiyo acha ncha za mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako azungushe ufunguo. Ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, na uliichaji ikajaa, basi hapo kanunue betri kwa amani. Ikibaki juu ya 12 huku stata haizunguki, betri haina kosa: umeme unao, ila hauendi.

Kabla ya kipimo hiki na vitakavyofuata, weka gia huru, vuta breki, chomoa waya wa plagi na uufunge kwenye chuma cha injini. Hutaki injini iwake huku mikono yako iko ndani.

Sasa tufike kwenye kipimo ambacho mafundi wengi hawakifanyi, nami nakipa uzito kuliko vyote. Weka mita kwenye volti. Ncha nyeusi iguse kichwa chenyewe cha hasi cha betri, yaani risasi, wala si kile kibano kilichofungwa juu yake. Ncha nyekundu iguse chuma cha injini mahali palipokwanguliwa rangi. Mwambie mwenzako azungushe ufunguo. Mita isome sehemu chache tu za volti, tuseme 0.2 au 0.3. Ikisoma 3, hizo volti 3 zinapotelea njiani kabla stata haijazionja.

Kwa nini usipime tu ukinzani wa waya ukamaliza? Fanya hesabu. Stata ikivuta ampea 100, ukinzani wa omu 0.02 peke yake unameza volti 2. Mita ya kawaida ya fundi haiwezi kuuona ukinzani mdogo hivyo. Itakwambia waya ni mzima, na wewe utaamini. Kasoro hii hujitokeza umeme mwingi unapopita, kama bomba lililoziba nusu ambalo huligundui mpaka ufungue koki yote.

Upande wa chanya ni vilevile: ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye boliti ya stata, na nusu volti inavumilika. Ikizidi, gawanya njia vipande: kichwa hadi kibano, kibano hadi solenoidi, kisha kati ya boliti mbili kubwa za solenoidi. Kipande kinachosoma volti nyingi ndicho kibovu. Mara nyingi dawa yake ni msasa, brashi ya waya na kukaza upya. Kwa trekta linaloishi pwani, hewa ya chumvi huifanya kazi hii iwe ya kila mwaka.

Kama hakuna hata “tik”, hadithi ni nyingine. Umeme wa ufunguo hupitia fyuzi, kisha swichi za usalama: ya pedali ya breki, ya kisu, na kwa baadhi ya matrekta ya kiti pia. Pima waya mwembamba wa solenoidi wakati ufunguo umezungushwa. Ukikuta volti 12 na solenoidi iko kimya, angalia yenyewe na njia yake ya hasi. Ile ya vifungio vitatu hutumia mwili wake kama hasi, hivyo kutu kwenye skrubu zake inatosha kuinyamazisha. Usipokuta kitu, rudi nyuma swichi moja moja.

Na tafadhali, usiunganishe nyaya za swichi ya kiti moja kwa moja ili “kupunguza usumbufu”. Swichi hiyo ndiyo inayozima injini mtu akianguka huku kisu kinazunguka. Vivyo hivyo kwa ile tabia ya kugusanisha boliti za solenoidi kwa bisibisi: inaruka swichi zote, na trekta lililoachwa kwenye gia litakupanda.

Stata ikizunguka vizuri lakini plagi haitoi cheche, kumbuka kwamba matrekta mengi ya aina hii hayatumii betri kutoa cheche. Sumaku kwenye flaiwili hupita mbele ya koili, na injini huzimwa kwa kupeleka waya wa koili hiyo kwenye hasi. Uchomoe waya huo kwa muda wa kupima tu. Cheche ikirudi, koili ni nzima na shoti iko kwenye swichi au nyaya. Panya hupenda kutafuna hapo. Ila usiupelekee volti 12 waya huo hata kwa majaribio, utaiunguza koili.

Injini ikishawaka, iongezee mwendo na upime betri tena. Kati ya 13.5 na 14.5, chaji ipo. Ikibaki 12 na ushee, kagua fyuzi, kirekebisha chaji na koili zilizo chini ya flaiwili. Usichomoe betri injini ikiwa inanguruma, hata fundi akikwambia ndivyo inavyopimwa.

Na ukipeleka trekta kwa fundi, akakwambia stata imekufa, mwombe akuonyeshe kwenye mita volti zinazoifikia stata hiyo ufunguo ukiwa umezungushwa. Asipokuonyesha, usitoe pesa ya spea.