Mchagua kadi ya picha na aipime tarakilishi yake kwanza

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima na taadhima, leo naomba kupingana nao, kwani nimemshuhudia kijana mmoja hapa Kegonga akipoteza jasho la msimu mzima kwa sababu hakuchagua.

Kijana huyo ni mpwa wangu. Baada ya kumaliza kidato cha nne, alilima mahindi katika kipande cha shamba alichopewa na babu yake. Alipouza mavuno, akanunua tarakilishi ndogo iliyokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, aina ambayo imejaa katika maduka yetu. Mashine ilikuwa njema kwa kuandika barua na kupiga hesabu. Lakini kila alipofungua mchezo wa kandanda au wa mbio za magari, picha zilikwama na kurukaruka. Wenzake wakamwambia kwamba dawa yake ni kadi ya picha.

Akajikusanyia shilingi 14,000, akaabiri matatu hadi Migori, na kutoka huko akasafiri usiku kucha hadi Nairobi. Akarejea na kadi aina ya Radeon RX 580, yenye gigabaiti 8 na feni mbili. Nyumbani walijaa vijana wa kuishangilia. Alipofungua kisanduku cha tarakilishi, kimya kikatanda. Kadi ilikuwa pana mno, haikuingia. Ilihitaji waya wa umeme wa pini 8, nao haukuwamo. Isitoshe, kipoza umeme cha mashine nzima kilikuwa cha wati 240, ilhali kadi ile peke yake huweza kula wati 185. Muuzaji alipopigiwa simu alisema bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Najua wapo watakaosema kwamba alistahili, maadamu fedha zenyewe zilikuwa za mchezo. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Kadi inayoendesha mchezo ndiyo hiyo hiyo inayomwezesha kijana kuchora majengo, kuhariri filamu na kutengeneza katuni zinazotembea. Mkenya Andrew Kaggia, aliyetoa mchezo wa Nairobi X mwaka 2015, hangeweza kuuunda kwa mashine isiyo na uwezo wa kuchora picha. Fauka ya hayo, kilichoniuma mimi kama mwalimu si mchezo. Kiliniuma kwamba mpwa wangu alikuwa amepita mtihani wa fizikia. Alijua fika kwamba ukizidisha volti kwa ampia unapata wati. Hata hivyo, hakuwahi kuambiwa na yeyote kati yetu kwamba hesabu hiyo imeandikwa katika kibandiko kilichomo ndani ya mashine yake, na kwamba ndiyo itakayomwambia anunue nini.

Basi na tuifanye hesabu hiyo hapa. Fungua kisanduku, usome kibandiko cha kipoza umeme, utafute mstari wa volti 12. Ukikuta ampia 14, zidisha: wati 168. Hizo ndizo zitakazogawanywa baina ya prosesa, kadi na vifaa vingine vinavyotumia njia hiyo. Kisha ukumbuke kwamba tundu refu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati zisizozidi 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo sharti iletewe waya wake wa ziada. Mashine nyingi ndogo za ofisi hazina waya huo, na aghalabu kipoza umeme chao huwa na umbo na viungio vya pekee ambavyo havibadilishwi kwa urahisi.

Kwa hiyo mwenye mashine ya namna hiyo atafute kadi isiyopita wati 75. Zipo. GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 hutumia wati 30 tu. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 hufikia 75, ingawa baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya wa ziada na hayo yaepukwe. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53. Zote nne zina matoleo mafupi ya kimo cha nusu, yanayoingia katika visanduku vyembamba. Chukua rula ya mwanafunzi, upime nafasi iliyopo, uandike vipimo katika karatasi kabla ya kupanda gari.

Jambo la pili ni udanganyifu wa tarakimu. Wauzaji wetu hupenda kutangaza gigabaiti, na wanunuzi huzipenda vilevile. Gigabaiti ni ukubwa wa ghala, na ghala kubwa lenye njia nyembamba halimfaidi mwenye shehena. Kadi ya GT 1030 ni ushahidi tosha. Ilitoka kwanza ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, ambayo hupitisha takribani gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likatolewa toleo jingine, jina lile lile na ghala lile lile la gigabaiti 2, lakini kwa kumbukumbu ya DDR4 inayopitisha takribani gigabaiti 17 tu. Asiyesoma maandishi madogo hununua theluthi moja ya mwendo akidhani amenunua yote. RX 6400 nayo ina mtego wake: huwasiliana na mashine kwa njia nne tu badala ya 16, hivyo katika tarakilishi za zamani hupungukiwa na nguvu zake.

Tatu, itazame skrini. Skrini nyingi za ofisi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kadi ikichora picha 120, nusu yake huzioni. Hapana haja ya kulipia usichokiona. Skrini kuukuu za shule zetu zina waya wa buluu wa VGA pekee, na kadi hizi nilizozitaja hazitoi tena mawimbi ya aina hiyo. Kigeuzi kinahitajika, na bei yake iwemo katika bajeti tangu mwanzo.

Nne, kadi kuukuu ina historia. Kwa miaka mingi watu walizikusanya kadi kama RX 580 kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum, zikifanya kazi usiku na mchana. Septemba 2022 sarafu hiyo iliacha uchimbaji wa namna hiyo, na kadi zilizochoka zikamwagika sokoni duniani kote. Si zote zilizo mbovu, lakini usilipe kabla ya kuiona ikifanya kazi nzito kwa nusu saa, ukisikiliza feni na kutazama kama picha inachafuka. Wapo pia walaghai wanaochukua kadi za zamani sana na kuzibandika jina jipya ndani ya programu yake, hata tarakilishi yenyewe ikadanganyika. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hutambua nyingi katika hizo. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Akikataa, umeshapata jibu.

Umri nao una uzito. Mwaka 2025 kampuni ya Nvidia ilitangaza kwamba kadi za kizazi cha GT 1030 na GTX 1050 Ti hazitatolewa tena programu za kuziandaa kwa michezo mipya baada ya Oktoba mwaka huo, bali marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650 haimo katika orodha hiyo. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, mwenye busara ataongeza.

Mwisho, kuna nyakati ambapo kadi bora ni ile usiyoinunua. Tarakilishi yenye kipande kimoja cha kumbukumbu huweza kupata nafuu kubwa ikiongezewa cha pili kinachofanana nacho, kwani picha zake hutegemea kumbukumbu hiyo hiyo. Na yule ambaye hajanunua mashine bado, afikirie yenye prosesa inayochora picha vizuri yenyewe, mathalani Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021. Kwa michezo ya kawaida itamtosha, na fedha zilizosalia zitamnunulia kifaa cha kukinga umeme unaporejea kwa kishindo baada ya kukatika. Sisi wakazi wa Kegonga twaujua mtindo huo.

Walimu wenzangu, katika stoo za shule zetu zimo tarakilishi mbovu zilizokusanya vumbi. Itoeni moja, muifungue mbele ya darasa, muwaache wanafunzi wasome kibandiko na kupiga hesabu kwa kalamu. Kipindi kimoja kinatosha. Mtoto aliyejifunza kuuliza "wati ngapi?" mbele ya kadi ya picha atauliza vivyo hivyo mbele ya pampu ya maji, betri ya sola na mashine ya kusaga.

Mpwa wangu aliiweka kadi ile juu ya kabati kwa miezi minne. Hatimaye alimuuzia mwanafunzi mmoja wa Kisumu mwenye kisanduku kikubwa, kwa shilingi 9,000, kisha akanunua GTX 1050 Ti fupi. Michezo yake sasa haikwami. Shilingi 5,000 alizopoteza ni ada aliyoilipa nje ya darasa kwa somo tulilopaswa kumfundisha ndani yake. Siku hizi vijana wa mtaani humjia kumuuliza kadi ipi ni nzuri. Yeye huwaambia kwanza wakalete vipimo vya mashine zao, ndipo wazungumze.