Mguu Unapolinganishwa na Mkono

Mtu akitoka nyumbani kwenda sokoni akalazimika kusimama njiani kwa sababu shavu la mguu limembana, kisha akapumzika dakika chache maumivu yakaisha, mara nyingi huambiwa kuwa ni uzee au baridi yabisi. Huenda ikawa hivyo. Lakini maumivu yajayo kwa kutembea na kuondoka kwa kusimama, tena baada ya umbali ule ule, ni dalili ya ateri za mguu zilizopungua upenyo kwa sababu ya mafuta na chokaa vilivyojijenga katika kuta zake. Msuli unadai damu zaidi, na njia ni nyembamba.

Kipimo cha kulibaini jambo hili ni cha zamani. Travis Winsor wa Marekani alikieleza mwaka 1950. Hutaka kipima shinikizo cha kawaida, chombo kidogo cha Dopla kinachosikilizisha mwendo wa damu, jeli kidogo, na kitanda.

Kitanda nimekitaja kwa makusudi, kwa kuwa ndicho kinachopuuzwa. Mgonjwa hulala chali na kutulia dakika 5 hadi 10 kabla ya kupimwa. Akiketi, uzito wa damu iliyo kati ya moyo na kifundo huongeza shinikizo la mguuni, na hesabu yote huharibika. Kisha mkanda hufungwa juu kidogo ya kifundo, hujazwa upepo hadi sauti ya damu ipotee, na upepo huachiwa polepole. Namba inayosomwa sauti inaporejea ndiyo shinikizo la sistoli. Katika kila mguu husikilizwa ateri mbili, moja juu ya wayo na nyingine nyuma ya kifundo cha ndani. Huchukuliwa namba iliyo kubwa. Mikono nayo hupimwa yote miwili, na iliyo kubwa hutumika kugawanyia.

Tuseme mikono imetoa 150 na 142, mguu wa kulia 96 na 105, wa kushoto 148 na 152. Kulia ni 105 kugawanya kwa 150, yaani 0.70. Kushoto ni 1.01. Kwa mtu mzima mwenye afya, aliyelala, shinikizo la kifundoni hulingana na la mkononi au hulizidi kidogo, hivyo 1.00 hadi 1.40 huhesabiwa kuwa kawaida. Kuanzia 0.90 kushuka, ateri zina ugonjwa. Mguu wa kulia wa mgonjwa wetu una tatizo, na wa kushoto hauna dalili yake kwa kipimo hiki.

Namba hiyo ndogo haiusemei mguu peke yake. Kuta zilizoziba mguuni huwa na wenzake moyoni na shingoni, na mwenye kipimo cha chini yumo katika hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo na kiharusi, hata kama hajapata maumivu yoyote. Kuacha sigara, dawa za lehemu na za shinikizo, na mazoezi ya kutembea humhusu mara moja.

Namba kubwa nayo isitufurahishe upesi. Wagonjwa wengi wa kisukari cha muda mrefu, na wa figo, ateri zao hukakamaa kwa chokaa, mkanda ukashindwa kuzibana. Matokeo huvuka 1.40, au huonekana ya kawaida, ilhali damu haifiki vidoleni. Hao hao ndio waliopoteza hisia za miguu, wasiosikia maumivu ya kuwaonya. Kwao hupimwa shinikizo la kidole gumba cha mguu, ambacho mishipa yake midogo hukakamaa kwa nadra. Ikigawanywa kwa ya mkono na kuwa chini ya 0.70, mzunguko ni hafifu.

Mhudumu anayefunga vidonda ana sababu ya pekee ya kupima. Kidonda cha mguu uliovimba kwa udhaifu wa vena hupona kwa bandeji ya kubana, lakini bandeji hiyo hiyo, ikifungwa kwenye mguu usiopata damu ya kutosha, huweza kuiua nyama iliyo hai na kumfikisha mgonjwa kwenye kukatwa. Bandeji ya kubana kikamilifu hutaka kipimo kisichopungua 0.80. Kikiwa chini ya 0.50 haifungwi kabisa, na mgonjwa hupelekwa kwa daktari wa mishipa bila kungoja kliniki ijayo.